Jina Lililoandikwa Kwenye Plasta

Katika wodi ya wanaume ya hospitali moja wilayani Karagwe, upande wa kuelekea Bugene, kila mgonjwa anayelazwa hufungwa kipande cha plasta nyeupe kwenye mkono wa kushoto. Juu yake huandikwa jina lake na namba ya faili lake. Wagonjwa huiita bangili ya Placidia. Mzee mmoja mfugaji aliyevunjika mguu aliwahi kulalamika kwamba hata ng'ombe wake hajawahi kuwafunga lebo.

"Ng'ombe wako unawajua kwa sura tangu wakiwa ndama, baba," Placidia alimjibu huku akibana plasta. "Mimi wangu wanabadilika kila wiki."

Placidia Anastazi ndiye muuguzi mfawidhi wa wodi hiyo. Alizaliwa Kibingo, wilayani Kyerwa, katika nyumba iliyozungukwa na migomba na mibuni. Ni mwanamke mfupi, mwenye hatua za haraka, na mfukoni hutembea na kalamu mbili: ya buluu ya kuandikia na nyekundu ya kusahihisha makosa ya wenzake. Ukimwona kwa mara ya kwanza utadhani amezaliwa na ukali huo. Sivyo. Alijifunza ukali katika mwaka wake wa pili kazini, na aliyemfundisha ni kosa lake mwenyewe.

Wakati huo alikuwa na miezi mitatu ya ndoa. Mumewe, Theoneste, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na baba yake Theoneste aliitwa Nestory. Kwa familia nyingi za huku, mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake. Si sheria iliyoandikwa popote, lakini binti aliyelelewa vizuri hulimeza jina hilo siku ya harusi na kulibeba tumboni maisha yake yote. Pale Bugene kulikuwa na muuza duka aliyeitwa Nestory pia. Placidia alimwita Mzee wa Sukari, na dukani kila mtu alielewa kwa nini.

Siku moja wodini kukawa na mgonjwa aliyeitwa Nestory, wa kitanda cha nne, aliyehitaji kuongezewa damu. Utaratibu ulimtaka muuguzi asimame kando ya kitanda na kusoma jina kwa sauti, mwenzake akilisikiliza na kulilinganisha na lile lililo kwenye mfuko wa damu. Placidia aliutazama mfuko, akaliona jina, na ulimi ukagoma.

"Ni ya kitanda cha nne," alimwambia mwenzake.

Hakujua kwamba alfajiri paa lilikuwa limevuja juu ya kitanda cha nne, na wagonjwa wawili walikuwa wamebadilishana vitanda. Damu ikaanza kuingia kwa mkulima wa kahawa aliyekuwa amelazwa kwa ugonjwa mwingine kabisa. Hazikupita dakika kumi mtu yule akaanza kutetemeka, akishika kiuno na kulia kwamba mgongo unamkatika. Placidia alifunga mpira wa damu na kupiga kelele kumwita daktari. Mkulima alipona, lakini baada ya wiki tatu za maumivu ambazo hakustahili hata siku moja. Kwenye daftari la zamu Placidia aliandika maneno matatu: *Mgonjwa alipata mtetemeko.* Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Kutoulizwa huko kulimtesa kuliko karipio. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alimfuata baba mkwe wake shambani. Alimkuta akiondoa majani makavu kwenye migomba. Akapiga magoti.

"Baba, jina lako limekaribia kuua mtu."

Mzee aliacha kisu kikining'inia mkononi. "Jina langu? Mimi ambaye hata kuku wa sikukuu huchinjiwa na jirani?"

Akamweleza yote, bila kuficha neno. Mzee alichomoa jani moja, kisha la pili. Ndipo akasema, "Huko kazini hilo si jina langu, mwanangu. Ni la mgonjwa. Mwenyewe ndiye analihitaji kuliko mimi. Litaje kwa sauti. Ukirudi hapa getini, ulimeze tena."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka mzee alipofariki. Tangu Jumapili ile, Placidia alijiwekea masharti yake. Kichupa cha damu hubandikwa lebo pale pale kitandani, kabla ya kumgeukia mgonjwa mwingine. Wauguzi wawili husoma plasta na mfuko, kila mmoja kwa macho yake. Na mgonjwa haambiwi "Wewe ni fulani?" Huulizwa "Unaitwa nani?" na kuachwa ajibu mwenyewe. Alipopelekwa kwenye mafunzo miaka kadhaa baadaye na kukuta mambo hayo hayo yameandikwa kwenye mwongozo, aliona haya na furaha kwa pamoja. Wengine walikuwa wameyajua siku zote.

Lakini kujua jambo wewe mwenyewe ni hatua ya kwanza tu. Ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kulifikisha kwa kila mtu anayemgusa mgonjwa. Hilo Placidia alilielewa vizuri Jumanne moja ya mwezi wa Aprili, mwaka jana.

Mvua zilikuwa zimeharibu barabara ya Kihanga. Saa mbili na nusu asubuhi bodaboda ilisimama mbele ya mapokezi ikiwa na dereva, mzee aliyejikunja katikati kama mgomba uliokatwa, na nyuma yake mwanamke kijana aliyemshikilia asianguke. Alimshikilia kwa kumzungushia blanketi, mikono yake ikiwa juu ya blanketi, isimguse mwilini. Huyu alikuwa Ainembabazi, na mzee alikuwa baba wa mume wake. Mume, Edgar, alikuwa mbali na ng'ombe, kwenye nyanda ambako simu haishiki mpaka upande kichuguu.

Karani wa mapokezi aliuliza, "Mgonjwa anaitwa nani?"

Ainembabazi akatazama sakafu. "Ni baba wa Edgar. Wa Kihanga."

"Edgar nani?"

Jina la pili la Edgar lilikuwa ndilo hilo hilo lisilotajwa.

Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu na mzee alikuwa akihema. Karani, kwa nia njema kabisa, akaandika Kihanga kwenye kompyuta na kumpata mzee wa miaka sitini aliyelazwa hapo miaka miwili nyuma. "Ni huyu Kamugisha?"

Ainembabazi akainama zaidi na kuvuta kitenge mpaka mdomoni.

"Haya, nimempata," karani akasema. "Nendeni wodini."

Daktari aliyempokea alishuku vidonda vya tumbo vinavyovuja damu. Kwa siku tatu mzee alikuwa akipata choo cheusi kama lami. Alipopimwa, wingi wa damu yake ulikuwa nne, wakati mwanaume mzima anatakiwa kuwa na kumi na tatu au zaidi. Daktari akaagiza damu, kisha akakimbilia chumba cha upasuaji alikoitwa. Joviana, muuguzi aliyekuwa na miezi sita tu kazini, akamfunga mzee plasta yenye jina la Kamugisha, akamtoa damu na kuipeleka maabara.

Saa nne kasoro robo simu ya wodi ikalia. Alikuwa Projestus wa maabara.

"Sista Placidia, mzee wako wa kitanda cha sita amebadili damu."

"Projestus, leo sina muda wa utani."

"Sitanii. Faili linasema mwaka juzi alikuwa kundi A. Kichupa mlicholeta ni B. Mtu anaweza kubadili chama, anaweza kubadili dhehebu, lakini kundi la damu atazikwa nalo."

"Umerudia kupima?"

"Mara mbili. Ama kichupa si chake, ama faili si lake. Mpaka mniambie ni kipi, damu haitoki kwenye jokofu hili."

"Una O, ya kumpa yeyote, hata mfuko mmoja?"

"Wa mwisho alipewa mama aliyejifungua jana. Nina mifuko miwili ya A na mmoja wa B. Yote imeshapimwa magonjwa, ni salama. Salama kwa mwenye kundi hilo, lakini."

Placidia akaweka simu chini. Kama kichupa ndicho kilichokosewa, mzee alihitaji A, na B ingemuua. Kama faili ndilo lililokosewa, alihitaji B, na A ingemuua. Na kwa jinsi alivyokuwa akivuta pumzi, kusubiri nako kungemuua, ila polepole zaidi.

Joviana alikuwa amesikia. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Dada, ni mimi. Nilimtoa damu yeye na yule wa kitanda cha tisa, lazima nimechanganya vichupa. Faili ni la hospitali, haliwezi kudanganya. Tumpe A kabla hatujachelewa."

"Lebo ulibandika wapi?"

"Hapa hapa kitandani."

"Kila kimoja kabla ya kwenda kwa mwingine?"

"Kila kimoja."

"Basi usijihukumu haraka. Jina lake ulimuulizaje?"

"Nilisoma kwenye faili. Nikamwambia, wewe ni Kamugisha? Akaitika."

Placidia alifumba macho kidogo. "Joviana, mgonjwa wa namna hii ukimwambia wewe ni askofu, ataitika."

Akachukua kichupa kipya, akamtoa mzee damu kwa mkono wake mwenyewe, akakibandika lebo hapo hapo: *Mwanaume, kitanda cha sita*, tarehe, saa, na sahihi yake. Joviana akakimbia nacho maabara. Kisha Placidia akainama karibu na sikio la mzee. "Baba, unaitwa nani?" Midomo ilisogea, lakini sauti haikutoka.

Alipoinuka alimwona Ainembabazi mlangoni, kitenge kikiwa mdomoni, uso umeelekezwa nje ili asimtazame mkwe wake akiwa amelala kifua wazi. Placidia alikitazama kile kitenge mdomoni, na moyo wake ukashtuka kama mtu aliyekutana na picha yake ya zamani.

Akamchukua mpaka barazani.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mgonjwa ni nani yako?"

"Ni baba wa Edgar."

"Na Edgar ni mume wako."

"Ndiyo."

"Kule mapokezi karani alikutajia jina. Lilikuwa lenyewe?"

Ainembabazi akageukia ukuta. "Mimi sikusema kitu."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza. Kwa nini hukumkatalia?"

Alijibu kwa sauti ndogo sana. "Ningekataa la kwanza, angenitajia la pili. Ningekataa la pili, angenitajia la tatu. Mwisho ningefika pa kunyamaza, na kunyamaza pale ni sawa na kutaja. Nikaona heri ninyamaze tangu mwanzo."

Hayo hayakuwa maneno ya mtu mjinga. Ni hesabu iliyofikiriwa na mtu aliyeogopa kumvunjia mzee heshima saa ile ambayo huenda ikawa ya mwisho. Placidia akashusha pumzi, kisha akamsimulia jambo ambalo, mbali na baba mkwe wake, hakuwa amemsimulia mtu: kitanda cha nne, paa lililovuja, mkulima wa kahawa aliyetetemeka. Alimsimulia kwa Kinyambo, lugha ya huku, kwa maneno machache, kwa kuwa dakika zilikuwa zinakwenda.

"Nilimeza jina, nusura nimmeze na mtu," akamaliza. "Huenda hapa wapo wazee wawili wa Kihanga wenye damu tofauti, na mimi sijui niliyenaye ni yupi."

Ainembabazi alikuwa akilia. "Sista, siwezi. Hata nikitaka. Haitoki."

"Sikulazimishi itoke. Umesoma?"

"Mpaka la saba."

Placidia akachomoa kalamu ya buluu na kukata kipande kipya cha plasta. Akakiweka juu ya ukingo wa baraza. "Kilichokatazwa ni mdomo. Mkono sijasikia ukikatazwa."

Binti aliitazama kalamu kwa muda. Kisha akapiga goti moja, kama anayetoa heshima, akaandika polepole kwa herufi kubwa za kishuleni: REVELIAN AHABWE. Alipomaliza akaigeuza plasta kifudifudi haraka, kana kwamba ingeweza kulisema jina lenyewe.

"Asante, mama," Placidia alimwambia. Alimwita mama, si mwanangu.

Kompyuta ya mapokezi haikuwa na Revelian Ahabwe wa Kihanga. Mzee hakuwahi kutibiwa hapo hata mara moja. Faili la Kamugisha likarudishwa mahali pake, jipya likafunguliwa, plasta ya Kamugisha ikakatwa na kufungwa ile aliyoiandika Ainembabazi, na kichupa cha pili nacho kikatoa jibu: B. Projestus akalinganisha damu ya mzee na ile ya mfuko, akasubiri muda unaotakiwa bila kuupunguza hata dakika, akaona zimepatana. Saa tano na robo aliuleta mfuko yeye mwenyewe, ameukumbatia kama mtoto.

"Sasa niambieni," akasema, "ni wa nani?"

"Usitutajie wewe," Placidia akamjibu. "Joviana, soma mkono na faili."

"Revelian Ahabwe. Kundi B."

"Na mimi nasoma mfuko. Revelian Ahabwe. Kundi B." Alilisoma kwa sauti iliyofika mwisho wa wodi. Mlangoni Ainembabazi aliziba masikio kwa kitenge, lakini hakuondoka.

Damu ikaanza kushuka, tone baada ya tone. Kwa dakika kumi na tano za kwanza Placidia hakuinuka kwenye kiti kando ya kitanda. Hizo ndizo dakika ambazo mwili hukubali au hukataa. Alihesabu mapigo ya moyo, akapima joto na presha, akaandika. Akahesabu tena. Mikono ya mzee haikutetemeka. Kiuno hakikuuma. Dakika ya kumi na tano ilipokwisha, Placidia aliirudisha kalamu mfukoni na kuinuka.

Alasiri Edgar, aliyefuatwa machungani na jirani, alifika akiwa na matope mpaka kifuani, ameongozana na majirani wanne waliokuja kuchangia damu. Mmoja wao alikuwa Kamugisha mwenyewe, mwenye lile faili. Damu yake ya A haikumfaa mzee, lakini iliwekwa kwenye jokofu kwa ajili ya mtu mwingine. Ya Edgar ilifaa. Ilipokamilisha vipimo vyote, mzee akapewa mfuko wa pili.

Siku ya tatu mzee Revelian aliweza kuketi na kunywa uji. Joviana alimweleza kilichotokea, kwa kuwa Placidia alisisitiza kwamba mgonjwa ana haki ya kujua hata kosa lililokaribia kumpata. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mlitaka kunitia damu ya Kamugisha? Huyu tunayegombania naye kisima kila kiangazi?"

"Ya kundi lake, babu. Siyo yake hasa."

"Ni mamoja. Ingeniua hata kama zingelingana."

Wodi nzima ikacheka, na Kamugisha, aliyekuwa amemletea maziwa, akacheka kuliko wote. "Basi maziwa yangu urudishe," akasema.

"Maziwa ni ya ng'ombe," mzee akajibu, akikumbatia chupa. "Ng'ombe sina ugomvi nao."

Kisha akainua mkono wa kushoto na kuisoma plasta kwa umbali. "Mwandiko huu si wa wauguzi. Wauguzi huandika kama kuku. Nani kaandika?"

Ainembabazi alikuwa ameinama akisuuza bakuli ambalo lilikuwa safi tayari. Mzee alimtazama mkamwana wake, akaitazama tena plasta, na hakuuliza mara ya pili.

Wiki hiyo Placidia aliketi na karani, Joviana na Projestus kwenye benchi la maabara. Hakumlaumu mtu. Aliwaambia kwamba karani aliuliza kama walivyomfundisha, na kwamba wote wanne, wazaliwa wa huku, walijua desturi hii tangu utotoni bila mmoja wao kufikiri kwamba inaingia mpaka mapokezi. Walipoondoka, fomu ya kumpokea mgonjwa ilikuwa na mstari mpya: *Nani ametupa jina, na kwa njia gani: amesema, ameandika, au amempigia simu anayeruhusiwa kulitaja?* Mapokezi pakawekwa kalamu iliyofungwa kwa kamba na rundo la karatasi ndogo. Katika miezi iliyofuata karani alihesabu wanawake tisa waliochukua kalamu hiyo badala ya kujibu. Hakuna hata mmoja aliyetajiwa jina akubali au akatae.

Siku ya nane mzee Revelian aliruhusiwa kurudi nyumbani. Edgar alikwenda kutafuta usafiri. Placidia akaleta mkasi, akakata plasta kwenye mkono wa mzee, akageuka kuitupa kwenye ndoo ya taka.

"Sista."

Ainembabazi alikuwa amenyoosha mikono yote miwili.

"Huwa tunazitupa, mama. Imeshamaliza kazi."

"Najua. Lakini hilo jina haliwezi kwenda kwenye ndoo."

Placidia akampa. Ainembabazi aliikunja plasta kwa ndani ili maandishi yasionekane, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake kwa fundo dogo, kisha akazungusha blanketi mabegani mwa baba mkwe wake na kumwongoza taratibu kuelekea mlangoni.